Shangazi, binti yangu amekataa sweta za bibi yake

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi kwenye baridi kali, na kila mwaka kabla msimu haujaingia mama mkwe wangu huifumia familia nzima sweta, kofia na soksi za sufu. Binti yangu mkubwa ana miaka 16. Miezi minane sasa ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa kuwaonea wanyama huruma. Nilimwacha. Juzi ametoa sweta zake zote kabatini, akazitia kwenye mfuko na kuuweka mlangoni. Anasema kuvaa sufu ni sawasawa na kula nyama. Baba yake akawaka: kinachopikwa humu ndani kitaliwa na kinachofumwa kitavaliwa. Bibi hakusema neno, aliweka sindano zake chini na tangu siku hiyo hajazigusa. Mdogo wao wa miaka 9 naye ameanza kumuiga dada yake. Na binti mwenyewe anatetemeka hata akiwa ndani, amejikunyata na kikombe cha chai toka asubuhi mpaka usiku, hata mezani hakiachi, na akitoka shule ni kulala. Nimlazimishe avae? Nisimame upande gani?*

*Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale karibu na mwisho, ambapo wewe umepita mbio. Habari za sweta umezieleza kwa kirefu, za mtoto anayetetemeka ndani ya nyumba umezigusa tu. Mimi nitaanzia hapo.

Anayetoka nje na fulana ya pamba wakati wa baridi atasikia baridi, hilo halina ajabu. Lakini anayetetemeka akiwa ndani kwenye joto, tena anachoka hadi kulala kila mchana, huenda shida yake haiko kabatini kabisa. Madini ya chuma yakipungua mwilini, dalili ndizo hizo: uchovu, mikono na miguu ya baridi, kuhema akipanda ngazi. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 15 za chuma kwa siku, zaidi ya mvulana wa rika lake, kwa sababu anapoteza damu kila mwezi. Mwanao ameacha nyama, ambayo chuma chake mwili hukipokea kwa urahisi. Kwenye dengu, maharage na mboga za majani chuma kipo, ila huingia kwa shida. Sasa weka juu yake hicho kikombe. Chai ikinywewa pamoja na chakula hukishika chuma hicho tumboni, kinachoufikia mwili kikawa kidogo zaidi. Inawezekana kabisa mtoto anajipasha moto kwa kitu kile kile kinachomzidishia baridi.

Usimnyang'anye chai. Mwambie aisogeze mbele, saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye sahani ya maharage akamulie limau, maana vitamini C hukisaidia chuma kupita. Halafu wiki hii hii mpeleke akapimwe damu: wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, vitamini D, na tezi ya shingo pia, kwani tezi hiyo ikilegea mtu husikia baridi muda wote. Tafadhali usinunue vidonge vya chuma kwa kukisia. Chuma kikizidi kinadhuru.

B12 nataka uielewe vizuri, kwa sababu ndiyo inayowaponyoka wengi. Hutengenezwa na bakteria, na mtu asiyekula chochote cha mnyama hawezi kuitegemea mboga impe. Lazima ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo au ameze kidonge, na aendelee hivyo kwa muda wote atakaokula namna hii. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anaweza kuacha nyama leo na kwa mwaka mzima asione tofauti yoyote, kumbe akiba inakwisha kimyakimya. Upungufu wake unapojitokeza huja na kupungukiwa damu, ganzi ya miguu na usahaulifu, na mishipa ya fahamu ikishaumia wakati mwingine hairudi kama zamani. Vitamini D nayo hupungua kwa watu wengi msimu wa jua dhaifu, hata kwa wanaokula nyama, na zaidi kwa wenye ngozi nyeusi.

Nimerefusha kwa makusudi. Sasa hivi baba anasema chakula hiki kitamwangamiza, binti anasema hajawahi kuwa mzima kama sasa, na hakuna kati yao aliyepima. Majibu ya maabara yakija mezani mtakuwa na kitu cha kuzungumzia. Na mumeo mweleze hili mkiwa wawili, bila watoto: msichana wa miaka 16 anaweza kuishi bila nyama akakua vizuri, mradi mlo wake umepangwa. Mwombe pia alegeze ile kauli yake. Sufuria ya maharage inaweza kuwa ya wote, na nyama ikapikwa pembeni kwa anayeitaka. Hajavunjiwa heshima na mtu hapo.

Tuje kwenye sufu. Binti yako hajakurupuka, na ningeomba usimchukulie hivyo. Kuna kondoo wa merino wanaokatwa vipande vya ngozi karibu na mkia wakiwa wadogo, ili inzi wasitage kwenye mikunjo ya ngozi. New Zealand ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2018, ila Australia bado linafanyika. Akikueleza hayo anasema kweli. Nawe una la kumweleza. Kondoo wa sufu waliofugwa kwa vizazi na vizazi hawapukutishi manyoya wenyewe, lazima wanyolewe. Mwaka 2015, karibu na Canberra huko Australia, alipatikana kondoo aliyekuwa amepotea kwa miaka bila kunyolewa. Aliponyolewa, manyoya yalipita kilo 40. Mnyama yule alikuwa hatembei sawasawa kwa mzigo huo, na mkasi ndio uliomwokoa. Kwa hiyo kusema sufu na nyama ni kitu kimoja, hapo amevuta kamba mno.

Watu wengine waliofuata njia yake hawakufikia huko. Mwandishi George Bernard Shaw aliacha nyama mwaka 1881, na miaka michache baadaye watu wa London wakamwona amevaa sufu juu mpaka chini. Alikuwa akifuata mafundisho ya Gustav Jaeger, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, aliyeamini kuwa sufu ndiyo vazi la afya. Nyama hagusi, sufu haivui, na hakuona mgongano. Mwanao yeye anauona, na haki hiyo anayo.

Ila mweke chini umwulize jambo moja. Sweta zile zilizomo mfukoni, kondoo wake alishanyolewa zamani. Wapo waliojitenga na vitu vya wanyama ambao huendelea kuvaa walivyokuwa navyo mpaka vichakae, wasinunue vipya tu. Je, yeye yuko tayari kwa hilo? Akikataa, usimlazimishe. Ukimvalisha kwa nguvu mlangoni, ataivua akishakata kona.

Lakini kutoka na fulana ya pamba, hapana. Hapo uwe mama. Pamba ikinywa jasho hung'ang'ania mwilini na kupoa. Sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na vile nyuzi zake zilivyojikunja hushika hewa inayotunza joto. Anayeiacha anaacha kitu kizuri sana, kwa hiyo atafute mbadala wa kweli: nguo ya ndani ya poliesta inayobana mwili, juu yake sweta nzito isiyo ya sufu, kisha koti la kuzuia upepo ambalo ndani halikujazwa manyoya ya bata. Kazi ya kutafuta mpe yeye, wewe utalipa. Njiani atakuta kwamba nguo hizo nyingi ni plastiki, na kila zikifuliwa humwaga nyuzi ndogondogo majini. Hilo nalo atalipima mwenyewe. Ana akili ya kulipima.

Huyu wa miaka 9 atavaa sweta yake. Anampenda dada yake, ndiyo sababu yote, na mwili wake unaokua uko mikononi mwenu.

Nimemwacha bibi mwisho kwa sababu ndiye anayeniuma. Nina sweta niliyofumiwa na shangazi yangu. Kwenye kiwiko cha kushoto uzi ulimwishia, akamalizia kwa rangi nyingine iliyokaribiana, na ukiigeuza ndani unakuta kifundo kigumu pale alipounganisha. Kila nikiivaa kidole changu kinakitafuta kifundo kile. Anayefuma anakushika mabega akupime, anahesabu vishimo usiku kucha, akikosea anafumua na kuanza upya. Sasa fikiria mtu huyo anapita mlangoni anaukuta ule mfuko. Binti yako alikusudia kuwatetea kondoo. Bibi amesikia kwamba yeye hatakiwi.

Kwanza uondoe mfuko ule mlangoni leo. Sweta zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, zisikamuliwe kwa kuzungushwa, zikaushwe zikiwa zimelazwa. Maji ya moto na kusuguasugua hufanya magamba ya nyuzi za sufu yashikane, na sweta hunywea hata mwanasesere haimtoshi. Zikikauka zifungwe vizuri, maana viwavi wa nondo huila sufu. Bibi akizikuta zimetunzwa, tayari ameambiwa kitu.

Kisha binti aende kwake mwenyewe. Asiende na baba, wala wewe usimsemee. Achukue sweta moja anayoikumbuka, aketi karibu naye, amwambie alipokuwa akiivaa alijisikiaje. Habari za kondoo aziweke fupi, akiulizwa. Halafu amwombe amfundishe kufuma, kwa uzi wa pamba nene au wa akriliki, waende wakauchague wote wawili. Hautakuwa na joto la sufu, lakini kofia na skafu ya kuvalia juu ya nguo nyingine vitafaa, na sindano zitakuwa zimeokotwa.

Umeniuliza usimame upande gani. Wiki hii kasimame na binti yako kwenye foleni ya maabara. Majibu yakitoka niandikie, na uniambie bibi amechagua uzi wa rangi gani.