Usinunue hayo magodoro kabla hujaongea na askari wa zamu ya usiku

Mleta mada, simamisha oda ya magodoro. Kama hela haijatoka, mpigie muuzaji leo hii umwambie asubiri.

Nimesoma swali lako mara mbili. Taasisi yenu imepata ufadhili, mnataka kupeleka magodoro 200 na sabuni kwenye gereza la wilaya, halafu mfanye semina ya siku tatu hotelini ya kuwajengea uwezo maofisa wa magereza. Unauliza kibali kinaanzia wapi, akina mama wenye watoto wachanga gerezani wasaidiwe vipi, na kama kuna msamaha wa kodi kwenye vifaa. Mpango wako naujua mstari kwa mstari. Sisi tuliufanya mwaka 2016, kwa mpangilio huohuo, magodoro kwanza, semina baadaye. Miezi minne baada ya kukabidhi, nilisimama nyuma ya jiko la gereza nikiangalia magodoro 150 yakiungua. Moshi mweusi, harufu ya sponji inayokaba koo, na waliokuwa wakiyabeba kuyapeleka motoni ni walewale tuliosema tumekuja kuwasaidia.

Gereza silitaji, wala mkoa. Waliokuwepo wanajua.

Tulianza vizuri tu. Watu saba, wengi wetu walimu, tukienda gerezani Jumapili kuimba na kusali na wafungwa. Siku moja tukaruhusiwa kuingia kuona selo. Tukaona kuwa watu wanalala sakafuni, kwa kipande cha mkeka na blanketi moja lililochakaa. Tulitoka pale tunalia, na kabla hatujafika stendi tayari tulikuwa tumekubaliana: magodoro. Huruma ile ilikuwa ya kweli, siikatai. Ila selo tuliiona saa nne asubuhi, imedekiwa, iko tupu, wafungwa wako shambani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona saa nane usiku. Anayeiona saa nane usiku ni askari wa zamu, na hatukumuuliza.

Hatukumuuliza kwa sababu tulikuwa tumemlipa mtu atufikirie. Mshauri wa miradi, alikuja na andiko zuri lenye majedwali ya rangi. Nilipomwambia ingefaa tukae kwanza na askari wa kawaida, akanijibu: "Ukiwashirikisha askari, nusu ya vifaa itaishia kota. Malizaneni na ofisi, mshushe mzigo, mpige picha, mtoke." Nilimwamini. Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile damu inachemka. Mtu hajawahi kusikia lango la gereza likifungwa nyuma yake, lakini ana uhakika kuwa askari wote ni wezi. Alichukua malipo yake, akapata picha zake, na andiko lilelile, kwa majedwali yaleyale, akaenda kuliuza kwa wengine. Nikisoma mpango wako nauona mkono wa watu wa aina hiyo. Kama kuna aliyewaambia msipoteze muda na askari wa getini, huyo ndiye wa kumkwepa.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani.

Selo kubwa ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu wapatao 40. Usiku walikuwa wanalala zaidi ya 70. Watu wanalala kwa ubavu, wamepangwa kama samaki kwenye tenga, na mmoja akigeuka, mstari mzima unageuka. Godoro la futi mbili na nusu linakula nafasi ya watu wawili. Halafu tulipeleka magodoro 150 kwenye gereza lenye watu 260. Hebu piga hesabu hiyo ukiwa umekaa ndani ya ile selo, siyo ofisini. Usiku wa kwanza tu, manyapara, yaani wafungwa wanaosimamia wenzao, walishachukua ya kwao. Wiki ya pili godoro lilikuwa linapangishwa kwa sukari na kipande cha sabuni. Asiye na ndugu wa kumletea chochote, mahabusu mgeni, mzee, mgonjwa, alisukumwa pembeni kabisa, kwenye ndoo ya haja. Yaani yule tuliyemlilia siku ile ndiye aliyepoteza hata kile kipande cha sakafu alichokuwa nacho.

Halafu sponji ilikuwa wazi, haina kava la rexini wala turubai. Selo inafungwa jioni mapema, choo ni ndoo, sakafu haikauki. Sponji inakunywa kila kitu. Asubuhi watu wanahesabiwa na kwenda kazini, uwanja wa ndani ni mdogo na hakuna kamba za kuanikia, jioni wanarudi wanayalalia yakiwa mabichi. Kunguni walijaa kwenye mishono. Mfungwa mmoja aliniambia kunguni wa selo yao wamepandishwa cheo, sasa wanakagua gwaride usiku na mchana. Tulicheka wote, yeye akiwa anajikuna mpaka damu.

Maana upele ulikuwa umeshaingia. Na hapa ndipo tulipofanya kosa lililotugharimu kuliko yote, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Upele unaletwa na mdudu mdogo sana, jamii ya utitiri, anayechimba chini ya ngozi na kutaga humo. Unaambukiza kwa ngozi kugusana, kwa hiyo selo ya watu wanaolala ubavu kwa ubavu haihitaji godoro ili upele uenee. Lakini mdudu huyo anaweza kukaa siku mbili tatu nje ya mwili, kwenye nguo au tandiko, na godoro linalopangishwa kila usiku kwa mtu tofauti lilimpa usafiri. Jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia: mtu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na wakati huo anawaambukiza wenzake. Anayejikuna unamwona. Asiyejikuna humwoni, naye anao.

Sisi tulifanya nini? Tukanunua BBE, ile dawa nyeupe ya kupaka, tukawapa waliokuwa wanajikuna. Watu 60 hivi. Wakapata nafuu, tukaandika ripoti. Baada ya wiki tatu walikuwa 110. Tukanunua tena, tukawapa 110. Ukarudi. Hela ya semina ikaanza kuliwa na dawa, na dawa ikawa inaliwa na ujinga.

Kisha wakaanza kujikuna askari. Hilo nililifahamu shuleni kwangu, kabla sijaambiwa gerezani. Mtoto wa darasa la pili, binti wa koplo mmoja anayeishi kota za magereza, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya upele. Vidole vimevimba hadi hawezi kushika penseli. Baba yake anampekua mfungwa, anamshika, anarudi nyumbani anambeba mwanawe. Nilimfuata koplo yule jioni, nikamuuliza, "Afande, uliona haya mambo yanakuja. Kwa nini hukusema?"

Akanijibu taratibu, bila hasira. "Mwalimu, nani aliniuliza? Mmepita hapa getini mara sita. Mara zote mliniuliza choo kiko wapi."

Ningekuwa na jibu ningelitoa. Kwa dakika kumi alinieleza kila kitu: selo ipi inavuja, ndoo zinawekwa wapi, nyapara gani atauza nini, kwa nini sponji wazi haitadumu miezi miwili mle. Kila jambo lililotupata alikuwa analijua, bure, kabla hatujanunua godoro la kwanza.

Kuhusu semina sina mengi. Tuliifanya, hotelini, siku tatu, maofisa 24, posho na kitini chenye Kanuni za Nelson Mandela, zile za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Kanuni ni nzuri sana, ziko 122, zisome. Ya 21 inasema kila mfungwa apewe tandiko la kutosha, liwe safi anapopewa, litunzwe na libadilishwe mara kwa mara ili libaki safi. Tulinukuu kipande cha kupewa tukaruka cha kutunza. Na ya 75 na 76 zinadai mafunzo kwa watumishi wote wa gereza, pamoja na huduma ya kwanza na kumtambua mapema mtu mwenye tatizo la akili. Tuliowafundisha sisi hawafungui selo. Tuliambiwa wao watawafundisha wa chini. Kabla mwaka haujaisha wengine walishahamishwa vituo, wakaondoka na vitini vyao. Askari wa zamu hakuona hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na nalirudia kwa kila anayenipigia: hakuna kitu kinachovuka lango kwenda kwa mfungwa kabla hujakaa na askari anayeshika funguo usiku. Godoro, dawa, kitabu, semina, chochote kile.

Mara ya pili tulikaa nao chini ya mwembe wa kota, zamu inayotoka na zamu inayoingia, bila bango wala kamera. Wakasema wanataka tochi, glavu, daftari la kuandika mgonjwa wa usiku ili asubuhi mganga asiseme hakuambiwa, tangi la maji na kamba za kuanikia. Godoro halikutajwa kabisa. Tulishangaa jinsi orodha ile ilivyokuwa ya bei nafuu.

Upele tukaumaliza kwa namna waliyoipanga wao na mganga wa gereza, kwa usimamizi wa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Siku moja, watu wote: wafungwa, mahabusu, askari, wake zao na watoto wa kota. Anayejikuna na asiyejikuna. Dawa kuanzia shingoni hadi nyayo, kwenye vidole, makwapa, kiuno na sehemu za siri, ikaachwa mwilini siku nzima. Kwa watoto wadogo na wajawazito mganga aliamua mwenyewe dawa na kipimo, wala wewe usijaribu kukisia. Nguo na mablanketi yakachemshwa, yasiyochemshika yakafungwa kwenye mifuko kwa siku kadhaa hadi wadudu wafe. Baada ya wiki, rudia yote. Na kila mahabusu mpya aliyeshushwa kwenye karandinga alipakwa mapokezi kabla hajachanganywa na wenzake. Hilo la mwisho lilikuwa wazo la koplo, na bila hilo kazi yote ingekuwa bure, kwa sababu mahabusu wanaingia kila siku ya mahakama. Ndiyo maana hata msamaha mkubwa wa Rais, kama ule wa 9 Desemba 2019 uliowaachia wafungwa 5,533, hauwezi kukufanya ununue vitu kwa idadi ya jana: mahabusu hawamo kwenye msamaha, na idadi inapanda tena.

Mafunzo nayo tukayahamishia palepale gerezani. Saa moja na nusu zamu zinapopokezana, mara mbili kwa wiki, anayefundisha ni muuguzi na mstaafu mmoja wa magereza anayeheshimiwa. Askari hawa wamepita Kiwira, chuo cha mafunzo ya askari magereza, siyo watu wa kufundishwa kana kwamba hawajui kazi. Uliza kinachowatisha usiku. Kwetu walisema kifafa, na mtu anayezungumza peke yake halafu ghafla ananyamaza. Tukaanzia hapo, kanuni zikafuata zenyewe.

Kibali utapata, andikeni barua ya kueleweka, pitieni kwa Mkuu wa Gereza, mtaelekezwa. Sisi hilo halikutushinda.

Kesho nenda pale, lakini usiende saa nne. Nenda zamu inapobadilishwa. Omba ruhusa ya kuongea na askari wawili waliokesha zamu usiku huo, wakalishe pembeni, waulize maji yanaishia wapi, nani analala karibu na ndoo, na ni kitu gani kiliwahi kuletwa pale kikaishia kuchomwa moto. Andika majibu yao. Halafu rudi hapa utuambie kama bado unayataka magodoro 200.