Maswali na Majibu: Vyumba vinatoboa ganda la chombo changu cha anga

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nachora hadithi ya picha kuhusu chombo cha anga cha watu sita. Umbo la nje nililichora tangu sura ya kwanza na wasomaji wameshalizoea: urefu mita 42, na pale katikati upana mita 9.6 na kimo mita 5.4. Ukikikata kama mkate, kipande kinatoka duaradufu. Ubavuni kuna safu mbili za madirisha, moja mita 0.8 juu ya mstari wa katikati, nyingine mita 1.4 chini yake. Ndani nimepanga sitaha mbili zilizogawana kimo sawasawa: juu korido na vyumba sita vya kulala, chini mitambo na shehena. Katika sura ya pili nahodha anashuka ngazi mbio kwenda ghalani. Sasa nataka kuchora ukurasa mzima wa chombo kilichopasuliwa, na kila nikijaribu vyumba vinatoboa ganda. Nikikuze, au nipunguze vyumba?

JIBU: Usikikuze kwanza. Najua ndilo jambo la haraka, maana kwenye kompyuta ni kubofya tu, lakini ukikikuza mara 1.3, mlango wa nje wa mita 2 unakuwa wa mita 2.6, madirisha nayo yanakua, na yeyote aliyesimama karibu na chombo katika kurasa za zamani anaonekana amedumaa. Ujazo nao unaongezeka mara 2.2, kwa hiyo utajikuta una nafasi tupu usiyojua uijaze nini. Kipimo cha chombo kinashikiliwa na vitu ambavyo mwili wa mtu unavigusa: mlango, kidato cha ngazi, kiti. Hivyo umeshavichora, basi viache.

Kosa lako, nikiangalia namba ulizonipa, ni kwamba umepanga ndani kwa kutazama mchoro wa ubavuni na ule wa juu peke yake. Michoro hiyo miwili inaonyesha kimo na upana pale vilipo vikubwa kabisa, na duaradufu haikupi vyote viwili kwa wakati mmoja. Sisi tunaochora ramani za majengo tunalijua hilo kwa vyumba vya darini: sakafu ni pana, lakini nusu yake unatembea umeinama.

Tupige hesabu. Kwanza toa unene wa ganda. Ndege ya Boeing 737 ina mwili wenye upana wa mita 3.76 kwa nje na ukumbi wa abiria wa mita 3.54, yaani kila upande umekula sentimita 11 hivi. Chombo cha anga kinahitaji zaidi: kinga ya vimondo vidogo, kinga ya joto, mabomba. Weka sentimita 30 kila upande. Umebaki na upana wa mita 9 na kimo cha mita 4.8. Sakafu ya katikati, pamoja na nyaya na mabomba yake, ipe sentimita 35.

Sasa simama kwenye sitaha ya juu na udai mita 2.1 juu ya sakafu ili mtu mrefu asigonge kichwa. Ukichora mkato huo utaona kwamba nafasi ya kusimama wima ni mita 2.9 tu kati ya zile 9. Ukitoa korido ya mita moja, kila chumba kinabaki na chini ya mita moja ya kusimama, na kwingine kote dari linateremka. Ndiyo maana vyumba vyako vinatoboa ganda. Sitaha ya chini ina hali hiyo hiyo, imegeuzwa juu chini: huko kinachobana ni sakafu.

Dawa ni kuishusha sakafu. Iweke mita 0.8 chini ya mstari wa katikati, uwe na sitaha moja ya kuishi watu. Upana wa kusimama wima unaruka kutoka mita 2.9 hadi karibu mita 7.5. Toa korido, kila chumba kinapata zaidi ya mita 3 za kusimama, na pembeni kabisa, dari linapoinama, unaweka kitanda au kabati. Chini ya sakafu panabaki uvungu wenye kimo cha mita 1.25 pale katikati, wa kutosha matangi, betri, pampu na fundi anayetambaa. Ndege za abiria zimepangwa hivyo hivyo, watu juu na mizigo chini ya miguu yao, na sababu ni hiyo hiyo ya umbo.

Kilichonifurahisha ni madirisha yako. Kwa mpango wa sitaha mbili, safu ya juu ingekuwa sentimita 60 kutoka sakafuni, yaani mtu apige magoti ndipo aone nyota. Kwa sakafu mpya, safu hiyo hiyo inakaa kwenye mita 1.6, usawa wa macho. Jicho lako lilikuwa sahihi kabla ya hesabu. Safu ya chini sasa inaangukia kwenye uvungu, kwa hiyo ifanye taa au vifuniko vya matundu ya ukaguzi. Kwa mbali hakuna atakayezitofautisha.

Kuna watakaokuambia kwamba hata kwenye filamu mambo hayalingani. Ni kweli. Chombo kidogo cha Galileo katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, kilichoonekana mwaka 1967, kilijengewa ganda dogo kuliko seti ya ndani yake. Lakini wao walipiga picha nje na ndani mbalimbali. Wewe unataka kuonyesha vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, na hapo msomaji mwenye rula hana huruma.

Kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, usikadirie. Chora mkato mpya kila baada ya mita 2, kwa sababu ganda linapungua kimo na upana kwa pamoja. Mahali kichwa kitakapoanza kugonga dari, weka viti vya marubani. Aliyekaa anahitaji mita 1.4 hivi, na kuinama kidogo wakati wa kuingia si aibu. Kama chombo kinatua kwa miguu, itengee nafasi ya kukunjwa ndani ya uvungu kabla hujagawa matangi. Wachoraji wengi huisahau hadi dakika ya mwisho.

Sitaha usiifikishe tezi, yaani nyuma kabisa. Ikatishe, nyuma yake uache ghala moja refu lenye sakafu mita 2 chini ya mstari wa katikati. Bado litakuwa na sakafu ya upana wa karibu mita 5. Tofauti kati ya sitaha na ghala ni mita 1.2, yaani vidato sita vya sentimita 20, na ngazi ya nahodha imepata pa kushukia. Kama kwenye sura ya pili umechora vidato vinane, vifanye vya sentimita 15. Vikizidi hapo, fremu hiyo itabidi uichore upya.