Ndoo ina mimba

Mhariri mwangaluka, na wasomaji wote mwangaluka. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: wanamuziki wa zamani walikuwa wanawasemea wanyonge, hawa wa sasa mbona wamebaki na mapenzi na kucheza tu, nani kawaziba mdomo? Nimelisoma nikiwa Mwaloni, soko la dagaa pale Kirumba, Mwanza, nasubiri gari la mzigo lijae, nikasema hapana, hili silipiti. Mtanisamehe nikizunguka maana mi sio mwandishi, mi nauza dagaa, mwaka wa kumi na tisa huu.

Naanza na ndoo.

Zamani kabla sijahamia mjini nilikuwa naanika dagaa kwenye mwalo mmoja (pale ufukweni maboti yanaposhushia) upande wa Sengerema, jina naliacha. Dagaa wakishakauka anakuja mnunuzi na ndoo yake, sikiliza vizuri, yake sio yako. Kwa macho ni ndoo ya lita 20 kama zingine ila ilishapitishwa kwenye moto ikavutwa ikatanuka, ukimimina dagaa wake kwenye ndoo ya kawaida inajaa na bado sado nzima inabaki pembeni. Bei ni ya ndoo moja. Ukilalamika anakwambia mama beba mzigo wako upeleke Mwanza mwenyewe, sasa ukipiga hesabu ya nauli, ushuru, na mawingu ndo hayo yanakuja, unauza tu huku roho inauma.

Kuna mama mmoja pale mtu mzima, hakuwa muongeaji kabisa. Siku hiyo tunageuza dagaa mchangani akaanza kuimba taratibu, "ndoo ya tajiri ina tumbo", sisi tukacheka, akaendelea kugeuza dagaa wake kama hajasema kitu, halafu "mimba hiyo ya nani?" Basi ikawa ndo wimbo. Kila yule jamaa akitokea na ndoo yake begani mmoja anarusha "ndoo ina tumbo eee" na mwalo mzima unaitikia "mimba ya nani?" Jina halikutajwa, tusi hakuna, sasa akitaka kwenda kwa mwenyekiti anaenda kushtaki nini, kwamba wanawake wanaimba habari za ndoo? Nitarudi kwenye hiyo ndoo.

Sisi Wasukuma hiyo kitu tumeikuta. Nendeni Bujora pale Kisesa mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, mkaone, makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanashindana ngoma tangu enzi za waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja na kundi lake. Raha yake ni kwamba ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja uwanja mmoja, huku hawa huku wale, na hakuna meza ya majaji wala karatasi za maksi, watu ndio wanaamua kwa miguu yao, upande uliojaza watu ndio umeshinda. Sasa ningi, yaani manju wenu, akisimama pale akaimba vitu ambavyo havimgusi mtu anaona kabisa uwanja unahama unakwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo anaimba kinachowawasha watu, atamchamba mpinzani wake, ataimba njaa, ataimba wakubwa, hadi bei ya pamba imeimbwa huku kwetu. Babu yangu alikuwa Bagika mpaka anakufa, na mpaka anakufa hakukubali kwamba Bagalu waliwahi kushinda hata siku moja, lakini ukimuuliza sana atakwambia "tulizidiwa maneno" hasemi tulizidiwa ngoma.

Hilo neno la babu ndo jibu langu karibu lote, ila ngoja nilipitishe kwenye muziki mnaouzungumzia nyie.

Kwanza hiyo zamani mnaipamba. Bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa na mwenyewe, JUWATA bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, Sikinde ya shirika la maendeleo la jiji la Dar, Vijana Jazz ya vijana wa chama, polisi wana bendi, jeshi lina bendi. Kurekodi unakwenda Radio Tanzania, na pale maneno ya wimbo yanaangaliwa kabla hujagusa maiki, na redio nyingine huku bara haikuwepo. Sasa bendi ya mashirika ya umma itamkosoa nani waziwazi? Walisifia sana tu, na mapenzi waliimba mpaka basi, sema kumbukumbu zetu zimebakiza zile nzuri. Ila ndani ya hayo mapenzi mtu alikuwa anapenyeza, utasikia jamaa analia kaachwa na mke, ukitulia unagundua kaachwa sababu kapunguzwa kazini, na msikilizaji wa wakati huo alikuwa hahitaji kuambiwa mara mbili.

Aliyekuwa anasema bila kupinda ni Remmy Ongala, na angalieni alikuwa amekaa wapi. Mzaliwa wa Kindu huko Kongo, kaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Makassy, baadaye ndo bendi ya Super Matimila, na kula yake ilikuwa kiingilio cha mlangoni, watu wa Sinza na Manzese wanalipa wanaingia. Akaimba Sauti ya Mnyonge. Mwaka 1990 akatoa Mambo kwa Soksi, anawaambia wanaume wavae kondomu sababu ya ukimwi, Radio Tanzania wakakataa kuupiga. Mi nilikuwa mtoto shule ya msingi, redio haipigi lakini wimbo tunaujua wote, nimeusikia kwenye kaseti ya mjomba iliyorekodiwa juu ya kaseti nyingine, katikati ya wimbo unasikia kabisa sauti ya mhubiri anapita halafu soksi inarudi (mama alikuwa anatufukuza nje ikifika pale). Kituo cha daladala mpaka leo kinaitwa Sinza kwa Remmy, na mwenyewe alifariki Desemba 2010.

Halafu kuna wa kwetu kabisa ambaye nyie magazeti ya Dar hamumtaji, D.O. Misiani. Mzaliwa wa Shirati huku Mara, ziwa lilelile letu, akavuka kwenda Kenya akiwa kijana, yeye na Shirati Jazz yake ndo wakaishika benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, ikasikika kote. Aliimba Kijaluo, anachukua visa vya Biblia na habari za wanyama anazifunga humo, sijui mfalme fulani wa kale alikuwa hivi na hivi, na Wajaluo wanajua kabisa mfalme gani yuko Nairobi anasemwa. Polisi wa Kenya walimkamata mara kadhaa. Nimepanda maboti ya Wajaluo wa Rorya nimewauliza maana ya nyimbo zake, kila mmoja ananipa tafsiri yake na wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wimbo umeshaisha, boti imefika, wao bado wanabishana. Kafa kwenye ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwaka 2006.

Bongo fleva nayo haikuzaliwa ikicheza. Mr. II, ndo huyo Sugu, na Hali Halisi mwishoni mwa miaka ya tisini, Fid Q wetu wa hapahapa Mwanza na Propaganda yake, lakini ule ulionishika mimi ni Ndio Mzee wa Profesa Jay, 2001. Kama hamuukumbuki, jamaa anaigiza mgombea anahutubia, anaahidi vitu vya ajabu mpaka wanafunzi kwenda kufanya majaribio yao mwezini, na umati unaitikia tu ndio mzee. Tulikuwa tunacheka mgombea. Nimekuja kuwa mtu mzima nikakaa kwenye mikutano ya kampeni nikajisikia na mimi naitikia, kumbe kachekwa nani pale? Na mwisho wake Sugu na Jay wote wawili wakaingia bungeni, Sugu 2010 Mbeya Mjini, Jay 2015 Mikumi, na 2020 wote wakaangushwa, sisemi kitu.

Ya mwaka 2017 mnayajua. Machi, rapa Nay wa Mitego kakamatwa Morogoro sababu ya wimbo wake Wapo, BASATA, baraza la sanaa la taifa, wakaufungia, kesho yake waziri akatangaza kwamba rais kaupenda wimbo upigwe, ila aongezee na wakwepa kodi. Watu walishangilia sana pale stendi. Mimi nilijisikia vibaya kidogo na sikuweza kumwambia mtu, maana wimbo unaohitaji kupendwa na rais ndo upigwe siku akiuchukia inakuwaje? Hazijapita wiki mbili, Aprili mwaka huohuo, rapa Roma kachukuliwa na wenzake studio Dar, watu wasiojulikana, akapatikana baada ya siku tatu. Huyo hakuna aliyemwambia aongezee vesi. Kwa hiyo mkiuliza nani kawaziba mdomo, hilo jibu mnalo wenyewe, na woga wao mi siwezi kuucheka nikiwa nimekaa kwenye gunia la dagaa.

Ila hapo ndo mnaposimama nyie na mi naona safari bado. Tazameni majirani zetu wa ziwa. Unbwogable, 2002, Gidi Gidi Maji Maji, ule ulikuwa wimbo wa majigambo tu wa marapa, kwamba sisi hatutishiki, nani atatubwogo. Watu wa Kenya wakaubeba wakauingiza kwenye kampeni, ukaimbwa siku ile chama kilichotawala tangu uhuru kinaondoka. Juni 2024 vijana wao wanapinga muswada wa kodi barabarani, unajua waliimba nini? Anguka Nayo! Wimbo wa kucheza, ndani yake hamna kodi, hamna bunge, hamna muswada. Mabomu ya machozi yanapigwa na wao wanaanguka nayo. Sasa mtunzi alikaa akatunga wimbo wa kupinga? Hapana, waliuchukua wenyewe wenye njaa yao wakaupa kazi. Kwa hiyo hata hizo nyimbo za kucheza mnazozilaumu mi sizidharau tena, hujui wimbo gani utakuja kuokotwa.

Na Uganda ni vilevile kwa upande wake, Bobi Wine, mwanamuziki aliyeingia siasa, matamasha yake ya Busabala pale ufukweni yalikuwa yanazuiwa na polisi. Mngejiuliza kinachozuiwa ni nini, maana nyimbo zenyewe ziko kwenye simu ya kila mtu. Kilichozuiwa ni watu kukutana wakaitikia pamoja.

Kwa hiyo swali lenu mi nageuza. Msanii wa sasa analipwa na nani? Remmy alilipwa mlangoni, ningi alilipwa kwa uwanja kujaa. Huyu wa leo analipwa na kampuni ya simu, bia, na msimu wa kampeni anapanda jukwaani kulekule ambako Jay alikuwa anakucheka, halafu sisi wimbo wake hatununui, tunahamishiana kwenye flashi kwa shilingi mia tano nyimbo mia mbili, halafu jioni tunauliza mbona hatusemei. Kwa Bujora hiyo ukimwambia mzee kwamba kuna mwimbaji anaimbia watu lakini analipwa na mwingine atakuuliza sasa huyo ni upande gani.

Nimeahidi kurudi kwenye ndoo. Tuliimba msimu mzima. Jamaa mwanzoni alikuwa anacheka na sisi, baadaye akawa hacheki, baadaye akawa anamtuma kijana na yeye anabaki kwenye gari, na kijana masikini kapita mara ya tatu tukamkuta anauimba mwenyewe huku anapakia, hajui hata kama anamuimba bosi wake. Msimu uliofuata ndoo ile haikuja tena. Ilikuja mizani, kilo kwa kilo, tukashangilia tukapika na wali siku hiyo. Yule mama muanzilishi hakushangilia, aliizunguka mizani, akaibonyeza na kidole, akaangalia mshale unavyocheza, akarudi kwenye dagaa wake.

Nimepita mwalo ule mwaka jana kutafuta mzigo. Wasichana wanaoanika sa hivi hawanijui. Mmoja alikuwa anageuza dagaa anaimba, nikasimama kusikiliza, sio ule wa ndoo, mwingine, "mshale una usingizi, nani kaulaza?" Na mnunuzi alikuwa amesimama pale anaangalia simu yake kwa makini sana.