Barua kwa Nafula, mumeo akienda Somalia

Mwanangu Nafula,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni, nikausoma tena leo kabla ya kukamua. Unauliza: Baba Tony akiondoka mwezi ujao kwenda Somalia, mambo yakiharibika utamwendea nani? Tena unauliza kama ni heri urudi huku Webuye ama ubaki hapo Eldoret karibu na kambi. Baki. Najua ulitaka niseme urudi.

Mwaka 2000 baba yako alikuwa Sierra Leone, sisi tukikaa Gilgil, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza. Mwezi wa tano redio ikatangaza kwamba waasi wa RUF wamewateka walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa mamia, na Wakenya wamo. Simu ya mkononi hatukuwa nayo. Wanawake wa laini yetu tulijikuta sote nyumbani kwa mke wa koplo mmoja. Hakutuita, ila redio yake ndiyo iliyokuwa na betri mpya. Tulilala pale siku tatu, watoto wamepangwa sakafuni kama omena. Mmoja anapika, mwingine kila asubuhi anakwenda ofisini kuuliza, anarudi kutuambia, hata kama la kutuambia ni kwamba hakuna habari. Jirani yetu mmoja alikuwa amerudi kijijini mumewe alipoondoka. Huko watu walishaanza kumletea sukari na majani ya matanga. Mumewe alikuwa mzima, hata mafua hakuwa nayo.

Kwa hiyo watu wako wa kwanza ni hao wanawake wa hapo. Kuna chama cha wake wa wanajeshi, MWAK, ambacho huwatembelea majeruhi hospitalini na kuwaangalia wajane na mayatima. Usingoje wakubwa wake wafike kwako. Watafute wanachama walio hapo kambini, uende sasa, wakati huna shida yoyote. Osha vyombo kwenye matanga ya wengine. Lipa mchango wa mwezi hata ukiwa mdogo. Na kama moyo unakuwa mzito usiku, kasisi wa kambi yupo, imamu pia yupo, na si lazima uwe mtu wa kanisa sana ndipo wakusikilize.

Lakini kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo linaloninyima usingizi.

Kambi ya jeshi letu ya El Adde, kule Somalia, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, nilikuja Eldoret kukaa na rafiki yangu ambaye mumewe hakuwa amepiga simu. Baada ya siku 12 Rais Kenyatta alikuja Moi Barracks kwenye ibada ya kuwakumbuka askari waliouawa, pamoja na Rais Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh wa Somalia. Nilikaa na rafiki yangu chini ya hema, nikadhani siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Kumbe ngumu zilikuwa mbele. Mumewe alimwoa kimila, ng'ombe wakatolewa, wazee wakala, cheti hawakuchukua. Na faili la mume kazini lilikuwa na jina la mamake kama mrithi, kwa sababu kuruta akiandikishwa huwa hajaoa. Anaandika mamake, kisha miaka inapita, anazaa watoto watatu na hakumbuki kurudi kubadilisha. Mama mkwe na mkaza mwana walioliana pamoja Januari, kufikia Agosti walikuwa wanasalimiana kupitia kwa wakili.

Wewe pia umeolewa kimila, Nafula. Wale ng'ombe nawajua kwa rangi. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya kimila inasajiliwa na mnapewa cheti. Nendeni kwa msajili wa ndoa pamoja, kabla hajaondoka, maana mtu mmoja hawezi kwenda kusajili ndoa peke yake. Kisha Baba Tony akaombe kuona faili lake mwenyewe, asome kwa macho yake ni jina la nani limeandikwa, na majina ya watoto yawe kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Asiambiwe tu na karani kwamba kila kitu kiko sawa. Na mama mkwe wako aambiwe mapema, na mwanawe mwenyewe, si na wewe. Kama wanataka naye awekewe sehemu yake, mimi siwezi kuona ubaya.

Mume akirudi salama pia kuna kazi. Baba yako alirudi mzima, akawa analala kwenye kiti akiangalia mlango, karibu mwaka mzima. Nilimsukuma aende hospitali, akakataa. Aliyemfungua mdomo ni mzee mmoja mstaafu aliyekuwa Croatia na jeshi letu miaka ya tisini, wakakutana kwenye klabu ya KAFOCA, kile chama cha askari wastaafu ambacho siku hizi kinaitwa DEFOCA. Mimi klabu hiyo nilikuwa naichukia, nikiona ni pombe tu. Pombe ilikuwepo, sikatai. Siku hizi kuna pia sheria ya wanajeshi wastaafu, ya mwaka 2022, inayowataja wao na wanaowategemea. Baba yako ameshaniambia mara tatu atafuatilia. Namngoja.

Kaka yako anakuja huko Jumamosi na gunia la mahindi na kuku wawili. Akirudi mpe nakala ya kitambulisho cha Baba Tony na vyeti vya watoto. Cheti cha ndoa kikitoka, nakala yake nayo uitume. Nimeshapata nafasi kwenye lile sanduku la bati, chini ya medali za baba yako.

Mama yako