Bustani ya Adachi: mnauliza, najibu

Tangu nilipotaja hapa Makumbusho ya Sanaa ya Adachi, yaliyoko Yasugi katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani, maswali yamenimiminikia. Robo tatu ni swali moja. Naanza nalo ili tumalizane.

Tunakwenda likizo familia nzima, watu sita. Bustani ile ina sehemu ya kutandika mkeka tule, watoto wacheze? (Msomaji, Arusha)

Haina, kwa sababu hamuingii. Hakuna mgeni anayeingia. Mnatembea ndani ya jengo, bustani mnaiona kupitia vioo na kwenye baraza chache za wazi. Naona wengine mmeshanuna: kiingilio cha zaidi ya yeni 2,000 halafu hata majani hukanyagi?

Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Adachi Zenko, mzaliwa wa hapohapo Yasugi mwaka 1899, alianza maisha akikokota mkokoteni wa makaa kupeleka bandarini. Alitajirikia Osaka, kwenye biashara ya vitambaa na majengo, akafungua makumbusho haya mwaka 1970 akiwa na miaka 71. Kwake bustani nayo ilikuwa picha, na picha haikanyagwi. Alikuwa mkusanyaji mkubwa wa kazi za mchoraji Yokoyama Taikan, na sehemu moja ya bustani, ile ya changarawe nyeupe na misonobari, imetengenezwa kufuata mchoro wa Taikan. Ukitoka kwenye ukumbi wa michoro ukasimama mbele ya kioo, hapo ndipo utaelewa kwa nini vitu hivi viwili viko chini ya paa moja.

Kuna mahali ukuta umetobolewa dirisha la mstatili mrefu, pale ambapo katika chumba cha Kijapani hutundikwa mchoro wa kukunjwa. Usogelee taratibu. Kwa mbali unadhani ni karatasi: bwawa, mawe, misonobari. Kisha tawi linatikisika.

Nendeni pia mkaangalie bustani ya kuvumwani, yale majani laini yanayotanda kama zulia kwenye ardhi yenye unyevu. Misonobari yake imeinama upande. Haikuangushwa na upepo. Iliota kwenye miteremko ya milima, ilipohamishwa ikapandwa kwa mlalo uleule iliouzoea. Watunza bustani na wafanyakazi wa makumbusho hufagia na kusafisha kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, mwaka mzima. Misonobari ya akiba inalelewa pembeni, ili mmoja ukifa pengo lizibwe. Sasa niambie, kazi ya namna hiyo uiachie watoto wa likizo na mpira?

Wanaotaka kutembea bustanini, kituo chenu ni Korakuen mjini Okayama, iliyokamilika mwaka 1700 na kuhesabiwa miongoni mwa bustani tatu kuu za Japani. Kuna nyasi pana na njia za kupita, na Okayama ndipo mtakapobadilisha treni ya kwenda Yasugi. Basi gombana na Adachi kwa nini?

Eti ndiyo bustani bora kuliko zote Japani? (Msomaji, Dodoma)

Jarida moja la Marekani linaloshughulikia bustani za Kijapani limekuwa likiipa nafasi ya kwanza kila mwaka tangu 2003. Mimi orodha za namba moja, namba mbili hazinikoshi. Zinawafanya watu waende mahali kuweka alama ya vema kisha waondoke. Lakini kwa usafi na matunzo, sijui nani atabishana.

Sakura zinachanua mwezi gani hapo? (Wasomaji wengi mno)

Sakura, sakura, sakura. Mnaijua Japani kwa ua moja. Adachi ni bustani ya misonobari, na msonobari ni wa kijani miezi yote 12. Kama unataka rangi, nenda nusu ya pili ya Novemba, majani ya miti ya Kijapani iitwayo momiji yakiwa mekundu. Januari na Februari unaweza kubahatika theluji. Na kwa kuwa makumbusho haya hayafungi siku yoyote ya mwaka, ukifika Jumatatu hutakuta mlango umefungwa, kama ilivyo kwa makumbusho mengi ya Japani.

Nauli ni shilingi ngapi? (Msomaji, hakutaja mahali)

Kutoka wapi?

Nasoma Tokyo, nina wiki moja ya mapumziko. Nifikeje, na je, ninunue pasi ya reli? (Mwanafunzi kutoka Morogoro)

Huyu ameuliza kama mtu mzima. Panda treni ya mwendokasi hadi Okayama, zaidi ya saa tatu. Hapo hamia treni iitwayo Yakumo, inayokatiza milima kuelekea pwani ya kaskazini. Hakikisha yako inasimama Yasugi. Nje ya stesheni kuna basi la bure la makumbusho, kama dakika 20. Ukifika tu, uliza mapokezi utaratibu wa basi la kurudi, maana nafasi hujaa, na ukiikosa utaingia kwenye gharama ya teksi.

Pasi ya reli, ile tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku kadhaa, sahau. Ile ya nchi nzima ni ya wageni walioingia kwa matembezi, na wewe una kibali cha mwanafunzi. Hata kwa hao wageni naonya: ile ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Mtu anayekwambia "nunua tu, utaokoa" anakumbuka bei za zamani. Piga hesabu ya safari moja moja kwanza.

Wewe ningekushauri treni ya usiku, Sunrise Izumo, inayotoka Tokyo na kusimama Yasugi asubuhi. Kuna sehemu ya kulala chini kwenye zulia, hailipiwi kitanda. Tiketi huanza kuuzwa mwezi mmoja kabla na huisha upesi.

Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua. Ataweza? (Msomaji, Mombasa)

Mpeleke mama. Hii ndiyo raha ya bustani inayotazamwa: hakuna kupanda vilima wala kuruka mawe ya kuvukia bwawa. Korido ni tambarare na viti vya magurudumu vinaazimwa. Mkalishe mbele ya kioo kikubwa, mwonyeshe maporomoko yanayoshuka kwenye jabali kule nyuma. Yalitengenezwa na binadamu mwaka 1978, na vilima vilivyo nyuma yake viko nje ya bustani kabisa. Vimeazimwa kwa macho tu. Atakaa hapo mpaka wewe ndiye uombe kuondoka.

Picha zinaruhusiwa? (Msomaji, Kampala)

Bustani, ndiyo. Kumbi za michoro, hapana. Na nyinyi mnaosimama mbele ya dirisha nusu saa mkibadilisha mapozi huku nyuma foleni imeshafika kwenye korido: piga moja, shusha simu, pisha wenzako. Wajapani hawatakwambia kitu. Watasubiri kimya, na kimya chao mnakichukulia kuwa ruhusa.

Kuna mtu anasema kwa dola 800 atanipatia barua ya mwaliko na viza ya Japani ya uhakika. Nimwamini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usimpe hata senti. Viza hutolewa na ubalozi, na hakuna dalali mwenye "uhakika" wa uamuzi wa ubalozi. Barua ya mwaliko huandikwa na mtu anayekufahamu kweli au taasisi iliyokualika, kisha ubalozi unaweza kuichunguza. Ukikamatwa na barua ya kughushi, anayeharibikiwa ni wewe, yeye keshabadilisha laini ya simu. Nasikia visa hivi kila mwaka, na kila mwaka aliyelizwa ananiandikia baada ya kulipa.

Ni kweli kuna chai ya birika la dhahabu? (Msomaji, Tanga)

Ipo, kwenye chumba kimoja cha chai: maji ya kuchanganyia macha, unga wa chai ya kijani, huchemshiwa kwenye birika la dhahabu tupu. Wanaamini inaleta umri mrefu na heri. Mimi nasema unalipia mandhari ya bustani iliyo mbele yako, dhahabu ni mbwembwe. Macha ni chungu. Anza kula kile kitamu kidogo wanachokuletea, na usiombe sukari.

Jirani na makumbusho kuna chemchemi za maji moto. Naweza kuoga na nguo ya kuogelea? (Dada, Zanzibar)

Sagi no Yu, ziko hatua chache tu. Kwenye bwawa la pamoja watu huoga uchi, wanawake upande wao na wanaume wao, baada ya kujisugua na sabuni pembeni. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kama stara yako haikubali, na sioni kwa nini uilazimishe, uliza nyumba ya wageni kama ina bafu la faragha la kukodi, na uulize kabla ya kulipia chumba.