Pacha wa Mbeya aliniharibia hadithi yangu ya upelelezi

Mwaka juzi niliandika hadithi ya upelelezi nikawa nairusha kwenye grupu letu la mtaa huku Magomeni, kipande kimoja kila usiku, watu wakanogewa kweli, wengine wanabeti kabisa muuaji nani. Kipande cha kumi na nne nikafichua: kumbe aliyeua ni pacha wa marehemu, katokea Mbeya. Nikakaa nasubiri pongezi. Dada mmoja muuza chipsi akatuma vois fupi tu, "Kaka, huyo pacha ulimtaja lini? Nirudishie bando langu."

Aibu niliyopata! Na alikuwa sahihi, maana mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, alishaweka sheria kumi za hizi hadithi, na mojawapo inakataza pacha kuibuka kama msomaji hajaandaliwa. Nyingine inataka ushahidi anaouona mpelelezi, msomaji nae auone hapo hapo.

Sasa mi ushauri wangu uko hapo kwenye ushahidi. Uweke peupe kabisa ila uupakie kwenye jambo ambalo mtu wa Dar kalizoea mpaka halioni tena. Hadithi yangu ya pili, mwenye nyumba kakutwa amekufa asubuhi, mpangaji wa chumba cha uani anaapa usiku alikuwa ndani anaangalia mpira kwenye tivii mpaka saa sita. Huko nyuma, kipande cha pili, mama wa vitumbua alishalalamika weee, luku ya nyumba nzima ni moja na imeisha saa tatu usiku huo huo, mchango wa umeme kila mtu anajifanya hana, feni imezima, kalala mlangoni khanga imelowa jasho. Watu wakacheka, wakaanza kusimuliana ugomvi wa luku za nyumba zao. Hakuna aliyejiuliza ile tivii iliwaka kwa umeme gani. Siku ya mwisho dada wa chipsi akarudi kusoma nyuma, akaandika "mshenzi wewe", nikajua imekaa.

Watuhumiwa wanne watano wanatosha, wote waonekane mapema. Rafiki wa mpelelezi nae usimdharau, Sherlock Holmes ana Watson wake, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, toka Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, yuko na kiko chake na Najum. Mi wangu ni konda wa daladala, anaongea sana, anakisia vibaya kila mara, na humo kwenye kukisia ndo naficha mambo.

Kinachonishinda mpaka leo ni ile ya kuwakusanya watuhumiwa wote mwishoni, mpelelezi amtaje muuaji. Kwa Poirot, yule mpelelezi wa Agatha Christie, wanakaa kwenye makochi wametulia wanasikiliza. Huku uswahilini umewaweka uani, mpelelezi hajafika sentensi ya tatu mama wa vitumbua keshanyanyua mwiko. Niliandika upya mara nne, mwisho nikamwacha tu mama ampige muuaji, maelezo mengine yakamaliziwa njiani kwenda kituoni.