Ukienda Kibo, ongeza usiku mmoja

"Mwalimu, jana tumelala wapi?"

Nikamjibu bila kusita: "Kasulu."

Ilikuwa saa tisa usiku, mwezi wa Juni, kwenye mlima Kilimanjaro, juu kidogo ya pango la Hans Meyer, kama mita 5,200 hivi. Kasulu nilikuwa nimepita na basi karibu wiki nzima nyuma. Yule kijana, msaidizi wa kiongozi wetu, akanimulika usoni, akaniangalia macho, akamwita mkuu wake. Wakasemezana kidogo kwa Kichaga. Mkuu akanishika bega. "Tunashuka, Mwalimu. Sasa hivi."

Nilibisha. Nilikuwa nimetapika biskuti mara mbili na miguu ilikuwa inakwenda inakotaka yenyewe, lakini nikabisha kwa sauti ya mtu aliyezoea kutuliza darasa la wanafunzi sitini. Hawakunisikiliza, na ninawashukuru mpaka leo.

Nafundisha jiografia sekondari, Kigoma. Jedwali la milima mirefu ya Afrika nimeliandika ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu: Kilimanjaro 5,895, Kenya 5,199, Stanley kule Ruwenzori 5,109, Meru 4,566, Ras Dashen wa Ethiopia 4,550. Kila mwaka hakosi mwanafunzi mjuaji wa kuuliza: mbona Mawenzi ina mita 5,149 na haimo, wakati inaizidi Stanley? Namjibu kwamba Mawenzi ni kilele cha Kilimanjaro hiyo hiyo, kama Kibo na Shira, kwa hiyo haihesabiwi peke yake. Halafu namsimulia kisa cha Wachaga cha Mawenzi aliyekuwa akienda kuomba moto kwa Kibo kila mara, akisingizia wake umezimika, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Darasa linacheka, kengele inalia. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mita hizo zinamfanya nini mtu anayezipanda.

Ninaandika haya kwa sababu kila ikifika likizo napata ujumbe kutoka kwa walimu wenzangu na vijana wanaotaka kwenda Kibo. Wananiuliza habari za viatu, makoti, na kama baridi ni ya kweli. Baridi ni ya kweli. Ila swali ninalolisubiri, na ambalo ni nadra kuulizwa, ni hili: utalala juu siku ngapi?

Mara ya kwanza nilikwenda kwa njia ya Marangu, siku tano. Kampuni niliyoipata iliniambia siku ya sita ni ya "watalii wazee", na kwa kuwa tozo za hifadhi hulipwa kwa siku, kuipunguza kulinipunguzia gharama kweli. Pesa yenyewe ilikuwa ya kikoba, nikafurahi. Sasa tazama hesabu ambayo mwalimu mzima wa jiografia hakuifanya. Lango la Marangu liko kama mita 1,860. Usiku wa kwanza unalala kwenye vibanda vya Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu kibanda cha Kibo, 4,720, na hapo hulali hasa, unajilaza tu, maana saa sita usiku unaamshwa uanze kupanda mita karibu 1,200 nyingine. Yaani kila siku unaruka mita elfu moja. Ushauri unaotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mimi nilikuwa nakwenda mara mbili ya hapo.

Watu husema juu "hakuna oksijeni". Oksijeni ipo, asilimia ile ile 21 iliyopo sokoni Mwanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta pale kileleni inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Tanga. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinabadilisha kazi yake, damu inajipanga upya. Lakini mambo hayo yanataka siku. Hayana njia ya mkato, na hayaangalii umbo la mtu.

Na hapa ndipo mazoezi yaliponiponza. Nilikuwa nimekimbia miezi minne, alfajiri, kando ya ziwa. Nilikuwa mwepesi kweli. Kwa hiyo njia nzima hadi Horombo nilikuwa mbele, nikiwasubiri wenzangu kwenye mawe kama bingwa, huku kiongozi akirudia "pole pole, Mwalimu" na mimi nikidhani ni salamu tu ya kuwachekesha wageni. Mapafu yenye mazoezi yanakuwezesha kufika haraka mahali ambapo mwili wako bado haujawa tayari kulala. Fanya mazoezi, ndiyo, ila ya kutembea muda mrefu na kupanda vilima ukiwa na begi mgongoni. Kasi iache nyumbani.

Kosa langu baya kuliko yote lilikuwa la uongo. Kichwa kilianza kuniuma Horombo, nikanyamaza. Kibo sikuweza kumaliza hata supu, nikasema nimeshiba. Kiongozi hukuuliza kila jioni umelalaje, umekula nini, umekojoa mara ngapi, na wengi wana kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Mjibu ukweli. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni jambo la kawaida huko juu, hafukuzwi mtu mlimani kwa hilo. Jambo lisilo la kawaida ni kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, kukohoa mate yenye povu, au kuhema ukiwa umekaa tu. Mtu akiwa hivyo, maji yameanza kujaa kwenye ubongo au mapafu, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele unakiona. Kuna jaribio rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, usimpe nafasi ya kubishana. Mimi ningeshindwa.

Kuhusu vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Diamox: vinasaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kabla, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Na ujue utakojoa. Kutoka kwenye begi la kulalia saa nane usiku kwenye baridi ya Horombo ni adhabu ambayo sijapata kumuona mtoto wa shule akistahili.

Mwaka uliofuata nilirudi, Juni tena, kwa sababu ndiyo likizo yetu na masika huwa yameisha. Safari hii nilianza na Meru. Kama una muda, nakuomba ufanye hivyo. Watu wanaudharau kwa kuwa umekaa kwenye kivuli cha mwenzake, lakini kwa uzuri mimi naupa Meru namba moja. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, unalala Miriakamba mita 2,514, halafu Saddle mita 3,570, na mchana wa siku hiyo ya pili unapanda Meru Ndogo na kurudi kulala chini. Usiku wake unapita kwenye ukingo mwembamba wa kreta, na jua linapochomoza unaiona Kibo ng'ambo ikielea juu ya mawingu. Kilele chenyewe kinaitwa Kilele cha Ujamaa, jambo lililomfurahisha sana baba yangu, kada wa zamani.

Nikapumzika Moshi siku mbili, kisha nikaingia Marangu tena, lango lile lile na vibanda vile vile. Tofauti ilikuwa moja: siku sita, yaani usiku wa pili pale Horombo. Mchana wa siku hiyo ya ziada tulipanda taratibu hadi kwenye yale mawe ya mistari ya pundamilia, kama mita 4,000, tukakaa, tukarudi. Basi. Ukimuuliza mtu atakwambia siku hiyo hamna mlichofanya. Jioni yake nilikula ugali nikaomba nyongeza.

Naam, ugali. Kutoka Kigoma nilibeba kilo moja ya dagaa, na mpishi akawakaanga na kitunguu na nyanya. Juu huko hamu ya kula inakimbia, na tambi ambazo hujawahi kuzipenda nyumbani hutazipenda mita 3,720. Beba chakula ambacho ulimi wako unakifahamu. Wapagazi walinisaidia kumaliza, na mmoja akaniuliza bei ya jumla. Wapagazi hao, kwa njia, mzigo wao una kikomo cha kilo 20. Uliza kabla ya kulipa kama kampuni inapima mizigo getini na inawalipa vipi. Ukipewa bei ya kutupa, ujue kuna mtu amekatwa.

Mambo madogo nitayasema harakaharaka. Nguo nzito kodisha Moshi, usinunue. Chupa ya maji igeuze kichwa chini usiku wa kilele, barafu huanzia juu na mfuniko utabaki unafunguka. Ule mfuko wangu wa maji wenye mrija, wa mwaka wa kwanza, uliganda mapema. Betri za tochi na simu lala nazo.

Nilifika Uhuru, kilele chenyewe cha Kibo, saa moja na nusu asubuhi. Nilimfikiria Yohani Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wazungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889, na Luteni Alexander Nyirenda aliyeupandisha Mwenge na bendera Desemba 1961. Nilifikiria pia kwamba barafu ni kidogo kuliko picha ya kitabu chetu cha kidato cha pili. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Kama unataka kuiona, usiahirishe sana.

Walio Kenya hawana haja ya kuvuka mpaka: Lenana, kilele cha Mlima Kenya cha mita 4,985, inapandika kwa miguu, na kanuni ni ile ile ya usiku. Batian na Nelion, vilele vya mlima huo vilivyo juu zaidi, ni za watu wa kamba. Margherita, kilele cha Stanley kule Ruwenzori, nimeambiwa ina matope ya kufika magotini kabla hujafikia barafu, nayo barafu inataka viatu vyenye meno ya chuma, sitajifanya mtaalamu.

Darasani jedwali bado naliandika. Ila sasa naongeza zoezi: uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya bahari, kina chake mita 1,470, je, kutoka sakafuni kwake hadi Uhuru ni mita ngapi? Wanapata karibu 6,600. Kisha nawaambia wagawe mita zilizo juu ya 3,000 kwa 500, na hapo ndipo wanapoelewa kwa nini mwalimu wao alilala Kasulu.

Na kata kucha za miguu kabla ya kwenda, fupi kabisa. Kushuka kunaziumiza kuliko kupanda. Mimi nilisahau mara zote mbili. Kucha mbili za mwisho zimerudi kuota Septemba, moja ikiwa imepinda.